Cherehani ya Bibi na Habari ya Zebaki Nyekundu



Ndugu wasomaji, kama nyumbani kwenu mna cherehani ya zamani, ile nyeusi yenye nakshi za rangi ya dhahabu na jina la Singer mgongoni, basi huenda mmeshaletewa habari kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu, na kwamba wako matajiri wanaoitafuta kwa fedha za kutisha. Sisi hapa Quionga habari hiyo ilitufikia kwa simu. Ilikuwa sauti ya mtu asiyejitaja jina, imetumwa na kutumwa tena, ikaingia nyumbani kwetu na ikakaribia kuwagombanisha watu waliozaliwa tumbo moja. Kwa hiyo nimeona niwaandikie yaliyotokea, pamoja na namna ya kuitambua cherehani yako ni ya wapi na ya lini, na namna ya kuifufua ikiwa imekufa. Mwenye haraka ya kujua habari ya zebaki nampa jibu hapa hapa: haimo. Niliifungua cherehani yetu kipande kwa kipande, na sikukuta ila chuma, mafuta yaliyoganda na vumbi la nyuzi.

Cherehani yenyewe ni ya bibi yangu mzaa mama, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka 2016. Aliishonea nusu ya mji huu: kanzu, magauni ya watoto wa madrasa, mashuka ya maharusi, hata matanga ya mashua yalipochanika wavuvi walimletea. Aliacha watoto watatu, mjomba wangu, mama yangu na mama mdogo. Mama mdogo ni mjane mwenye watoto wanne, na katika hao watatu ndiye peke yake aliyeuchukua mkono wa bibi. Anakutazama mara moja tu umesimama mlangoni, na nguo anayokata inakukaa. Lakini mirathi ya bibi haikugawanywa. Mnajua ilivyo kwetu, watu huona haya kuzungumza habari ya vitu wakati matanga hayajapoa, kisha miaka inapita na haya inabaki pale pale. Cherehani ikakaa chumbani kwa bibi, ya wote na si ya mtu.

Nyumbani tangu udogo wetu tuliisikia ikiitwa "cherehani ya Mjerumani". Jina hilo lina asili yake. Wajerumani waliishika pembe hii ya kusini ya mlango wa Ruvuma mwaka 1894, wao wakiiandika Kionga, wakakaa mpaka Aprili 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wareno walipoichukua. Mwaka 1919, katika mapatano ya Versailles, ikathibitishwa kuwa ya Ureno. Tangu hapo kila kitu cha zamani hapa kinasingiziwa Wajerumani. Kisima kikiwa kirefu ni cha Wajerumani, mwembe ukiwa mnene waliupanda Wajerumani.

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, sisi huku Quionga hatukungoja kuona mwisho wake. Watu walikimbia, wengine kwa miguu kuelekea Ruvuma, wengine kwa mashua. Mama mdogo alikifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakizungushia shuka, juu yake mifuko ya plastiki, akakifukia nyuma ya jiko. Kichwa hicho kina uzito wa zaidi ya kilo 10, na mtu mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hawezi kukimbia nacho. Tuliporudi tulikikuta mahali pake. Lakini plastiki ilikuwa imetoboka, chumvi na maji ya mvua yamepita, na gurudumu la mkono halikugeuka hata kwa unene wa ukucha. Meza tuliyoiacha chumbani ililiwa na mchwa ikawa unga. Miguu ya chuma na kanyagio vilikuwa salama.

Hapo ndipo alipokuja dalali.

Alifika na pikipiki, mtu wa maneno mazuri, akasema amesikia tuna "Singer ya Mjerumani". Akatoa simu yake, akampigia mwenzake, akaisogeza karibu na sindano. Simu ikakatika. Akatutazama kama tabibu aliyegundua maradhi. Akasema hiyo ndiyo dalili, zebaki nyekundu imo, na mnunuzi wake yuko tayari kutoa fedha ambazo mimi sitaziandika hapa, maana zingetosha kununua jahazi. Ila kwanza, akasema, tutoe ada kidogo ya kumleta mtaalamu mwenye kipimo.

Ndugu wasomaji, hadithi hii si mpya wala si ya kwetu. Mwaka 2009, mwezi wa Aprili, ilivuma Saudi Arabia mpaka ikaandikwa katika magazeti ya dunia. Watu waliambiwa kuwa cherehani za Singer za zamani zina zebaki nyekundu, na kwamba zebaki hiyo hufichua hazina na dhahabu iliyozikwa, wengine wakasema ya mambo ya majini, wengine ya kutengenezea mabomu. Kipimo kilikuwa kile kile cha simu na sindano. Cherehani za kawaida zikapanda bei mpaka kukatajwa riyali 200,000 kwa moja. Polisi wa huko walisema wazi kuwa ni utapeli. Na hiyo "zebaki nyekundu" yenyewe ilikuwa imekwisha kuzungushwa duniani na matapeli tangu miaka ya mwisho ya Umoja wa Kisovieti, kila mmoja akiisifu kwa kazi nyingine, na hakuna aliyewahi kuionesha. Zebaki tunayoijua, ile ya kipimajoto cha hospitali, ni madini ya majimaji yenye rangi ya fedha. Cherehani haina kazi nayo. Ni vyuma vinavyosukumana, basi.

Nilimweleza mjomba haya yote. Mjomba si mtu mjinga, na sipendi mumdhanie hivyo. Ni mvuvi aliyepoteza mashua na nyavu mwaka ule wa 2021, na mtu aliyepoteza kila kitu akisikia kuwa nyuma ya jiko lake palikuwa na jahazi zima lililofukiwa, moyo wake utaacha kwenda huko? Aliniambia, "Mjomba, wewe umesoma, nakukubali. Lakini simu ilikatika, na mimi niliiona kwa macho yangu."

Basi nikachukua simu yangu, nikampigia mama aliyekuwa jirani, nikaishika juu ya sufuria ya wali. Mara ya kwanza haikukatika. Mara ya pili ikakatika. Anayeijua mitandao ya simu ya hapa kwetu hatashangaa. Kama kukatika kwa simu ni dalili ya zebaki, basi Quionga nzima imejengwa juu ya zebaki. Watoto walicheka, mjomba hakucheka.

Mama mdogo hakubisha na mtu. Alisema tu kwamba ikiuzwa iuzwe, ila yeye angeomba kwanza imshonee sare za shule za watoto wake, kwa sababu kila mwaka anampa mtu mwingine kazi anayoiweza mwenyewe, na fedha ya kumlipa anaikopa. Lakini cherehani haikuwa ikigeuka. Kwa hiyo nikaomba wiki mbili. Nilisoma Mtwara, na jioni nyingi nilikuwa nikikaa kwa fundi cherehani mmoja sokoni ambaye alinifundisha kazi hii bila kunitoza kitu. Mjomba akakubali kwa sharti kwamba nisivunje hata kipande kimoja, maana mnunuzi anaitaka nzima.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuitambua. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa najua wengi wenu mtakwenda kutazama za kwenu.

Usianze na nakshi wala umri wa aliyekuwa nayo. Anza na namba. Kwenye Singer za zamani, tazama upande wa kulia wa kitako, chini ya gurudumu la mkono. Hapo pana namba iliyogongwa kwenye chuma. Kama imezibwa na uchafu, ifute kwa kitambaa chenye mafuta, usiikwangue kwa kisu. Cherehani zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1900 zina tarakimu tupu. Kuanzia mwaka 1900 ikaanza kuwekwa herufi moja mbele ya namba, na baadaye herufi mbili. Herufi hizo zinakutajia kiwanda. Kiwanda cha Singer cha Ujerumani kilikuwa Wittenberge, kilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1900, na namba zake zilianza na herufi C. Kwa hiyo kama bibi yetu alikuwa na Singer ya Mjerumani, tungeona C.

Nilifuta, mjomba amesimama nyuma yangu na tochi. Ikatokea E, kisha G, kisha tarakimu sita.

Herufi mbili zinazoanza na E ni za Clydebank, mji ulio kando ya Glasgow, Scotland. Kiwanda hicho cha Kilbowie kilikuwa kikubwa kiasi kwamba stesheni ya treni iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wake inaitwa Singer hadi leo, ingawa chenyewe kilifungwa mwaka 1980. Kilikuwa na mnara wa saa yenye nyuso nne, ambao ulibomolewa miaka ya 1960. Namba hizo za herufi mbili za Clydebank zilianza kutumika katikati ya miaka ya 1930, na EG inaangukia karibu na mwaka 1950. Mjerumani alikuwa ameondoka Quionga zaidi ya miaka 30 kabla ya chuma hiki kumiminwa.

Baada ya namba, tazama umbo. Yetu ina kibano cha uzi upande wa kushoto kabisa, kwenye bamba la ubavuni pale sindano inaposhukia, si mbele. Bobini yake ni ya duara, inakaa ndani ya kesi ya chuma, na kesi inaingizwa chini kwa upande wa kushoto, kidole chake kikielekea juu. Hizo ni alama za aina ya 15, na zile za Clydebank huitwa 15K, K ikiwa ya Kilbowie. Kama ya kwenu ina chombo kirefu chembamba kama kokwa ya tende kinachokwenda na kurudi, hiyo ni aina nyingine ya zamani zaidi. Inashona vizuri sana, lakini vipuri vyake ni taabu. Na ukiona neno SIMANCO kwenye mabamba madogo usidhani ni jina la mwenye mali. Ni kifupi cha jina la kampuni.

Jioni ile nilikwenda kwa bibi mmoja mzee wa ukoo wetu, nikamuuliza cherehani ilitoka wapi. Hakusita hata kidogo. Akasema, "Babu yako alikuwa mkongeni, Lindi. Alikaa misimu mitatu. Aliporudi kwa jahazi akaja na cherehani, na mtu yeyote asiyekuwa bibi yako hakuruhusiwa kuigusa." Hesabu zikakubaliana. Vijana wengi wa upande huu wa Ruvuma walikuwa wakivuka kwenda kukata mkonge Tanganyika, na mwaka 1950 na 1951 bei ya mkonge ilipanda sana duniani kwa sababu ya vita vya Korea. Kwa hiyo cherehani hii si ya Mjerumani wala ya tajiri yeyote. Imenunuliwa kwa jasho la mkata mkonge, na miiba ya mkonge mnaijua.

Nilipomrudishia mjomba habari hiyo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo zebaki ni ya Waingereza?" Lakini safari hii alitabasamu mwenyewe.

Sasa kuifufua. Cherehani iliyokwama haikuvunjika, mara nyingi imegandana. Yetu ilikuwa na maradhi mawili. La kwanza ni kutu ya nje, ambayo inatisha macho tu. La pili ndilo baya: kwa miaka mingi iliwekwa mafuta ya nazi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo nyumbani. Mafuta ya nazi na ya kupikia huteleza siku chache, kisha hukauka na kuwa kama gundi, na kila ukiongeza unaongeza gundi. Nawaomba akina mama mnaosoma, na nasema hivi kwa heshima, jikoni ni jikoni na cherehani ni cherehani. Yako mafuta yake meupe mepesi, kichupa kidogo kinauzwa kwa bei ya vocha ya simu na kinakaa mwaka.

Gundi hiyo inayeyushwa kwa mafuta ya taa. Nililaza kichwa kwa ubavu, nikadondosha mafuta ya taa katika kila tundu la kutilia mafuta na kila mahali chuma kinapogusana na chuma, juu, ubavuni na chini, nikakiacha mpaka asubuhi. Siku ya pili nikarudia. Siku ya tatu nikashika gurudumu la mkono, nikalitikisa mbele na nyuma, taratibu, bila nguvu. Siku ya nne likatoa mlio mdogo na likasogea robo ya mzunguko. Hapo mtu hushikwa na tamaa ya kulilazimisha. Ukilazimisha unaweza kukata chuma ambacho hakipatikani tena, basi nikatia mafuta ya taa tena na kwenda kuswali. Siku ya sita lilizunguka mzima.

Baada ya hapo nikafungua bamba la ubavuni, bamba la sindano, na sehemu za chini. Ndani ya meno yanayosukuma kitambaa palikuwa na vumbi la nyuzi lililoshikana kama kipande cha mkeka, na katikati yake uzi wa kijani ambao mama aliutambua: ni wa sare alizoshonewa yeye alipokuwa msichana. Nilikwangua kwa mswaki mkuukuu na kijiti cha mwanzi. Mjomba alikaa nami siku hiyo nzima. Alipokea kila skrubu, akaipanga juu ya mkeka kwa mpangilio wa kutoka, kama anavyopanga ndoana zake, na kila kipande alikigeuza kwenye mwanga kabla ya kukiweka. Sikumwuliza anatafuta nini. Kitu chekundu pekee tulichokikuta ni kiduara cha kitambaa kizito kilichokaa chini ya kijiti cha kuwekea uzi. Mjomba alikishika, akakinusa, akakirudisha.

Kwa rangi ya nje kuweni waangalifu. Msitumie msasa, na wala msitumie spiriti kwenye nakshi za dhahabu, maana spiriti inayeyusha vanishi iliyozifunika, na zikitoka hazirudi. Kitambaa laini na mafuta ya cherehani vinatosha. Kutu ya vyuma vyeupe nilisugua kwa mafuta na jivu laini la jikoni. Haikung'aa kama mpya, na sikutaka ing'ae.

Kesi ya bobini ilikuwa imeliwa na kutu, haifai. Sasa sikilizeni sehemu ambayo mimi naiona ndiyo hazina ya kweli ya cherehani hii. Aina ya 15 iliigwa na Wajapani baada ya Vita vya Pili, kisha na Wachina, na zile Butterfly za Shanghai zilizojaa kwa mafundi wetu wote ni za umbo hilo hilo. Kwa hiyo bobini, kesi, sindano na springi ya kibano vya Butterfly vinaingia katika Singer ya mwaka 1950 kama vilizaliwa humo. Jamaa aliyekuwa akivuka kwa Namoto na Kilambo kwenda Mtwara aliniletea kesi moja, bobini tano, pakiti ya sindano na mkanda wa ngozi, na vyote pamoja havikufikia bei ya kuku wawili. Dalali alitaka tuamini kuwa cherehani hii ni adimu. Mimi nashukuru kuwa si adimu. Ingekuwa adimu ingebaki pambo.

Meza ilitengenezwa na seremala wa hapa kwa mbao za mwembe, akazipaka mafuta machafu ya injini upande wa chini kwa ajili ya mchwa. Inanuka kidogo.

Jaribio la kwanza lilikataa. Sindano ilikuwa ikiruka mishono, uzi unajikunja chini. Kabla hamjalaumu cherehani tazameni sindano: katika aina hii upande wake bapa unaelekea kushoto, na uzi unapitishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyezoea cherehani za siku hizi huiweka bapa nyuma, na cherehani haitashona hata aifanye nini. Mpwa mmoja aliiweka hivyo wakati tunakula. Tulipoigeuza, mama mdogo akakaa, akaweka mguu kwenye kanyagio, akapitisha kipande cha kanga kuukuu. Alishona mstari mmoja wa urefu wa mkono, akakivuta kitambaa huku na huku, akakigeuza nyuma. Hakusema neno. Akachukua kipande kingine.

Dalali alirudi baada ya siku chache kuchukua ada yake. Mjomba ndiye aliyempokea. Alimwita ndani, akamwonesha cherehani inavyoshona, akamwambia kwamba tumeifungua yote na kama anayo zebaki yake ailete tuione. Yule bwana hakunywa hata maji.

Lakini mgogoro wa mali haukuondoka na dalali. Cherehani ilikuwa bado ya warithi watatu, na sasa inafanya kazi, kwa hiyo ina bei. Mama alitaka iachwe tu kwa mama mdogo bila hesabu. Mimi sikuliona hilo kuwa sawa, na shehe wa msikiti wetu tulipomwendea hakuliona sawa pia. Alisema mwenye haki anaweza kusamehe haki yake baada ya kuijua ni kiasi gani, na si kabla, na kwamba mjomba aliyefiwa na mashua asione haya kutaja fungu lake. Basi mafundi wawili wa Palma waliulizwa bei, kila mmoja peke yake, nasi tukachukua ya katikati, metikali 4,000. Bibi hakuacha mume wala wazazi, kwa hiyo watoto peke yao ndio warithi, mwanamume mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja: mjomba 2,000, mama 1,000, mama mdogo 1,000. Mama akasamehe elfu yake palepale mbele ya watu. Mjomba hakusamehe, na hakuna aliyemtazama vibaya. Akakubali kulipwa kidogo kidogo.

Sare za shule zilitoka mwezi wa Januari, za watoto wanne wa nyumbani na kumi na moja wa majirani. Kabla ya Ramadhani zikaja kazi za kanzu. Mpaka naandika haya mama mdogo amemlipa mjomba metikali 1,200, akiziandika kwenye daftari la shule ambalo mjomba anatia sahihi yake kwa taratibu kubwa kama waziri. Zimebaki 800. Juzi mjomba alikuja na kitambaa cheupe alichokinunua mwenyewe, akasema zilizobaki asilipwe fedha, ashonewe kanzu ya Idi, na deni liishe. Mama mdogo akampima mabega, akampima mikono, akaandika vipimo nyuma ya daftari lile lile. Kisha akamwambia kwamba kanzu atashonewa bure kwa kuwa ni kaka yake, na 800 atapewa vilevile, kwa hiyo asiufunge ukurasa.